Luca Prodan: Mgeni aliyeipa Argentina sauti mpya ya roki

ARGENTINA ilipovamia visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falklands, mnamo Aprili 2, 1982, serikali ya kijeshi jijini Buenos Aires haikukomea kutuma wanajeshi na manowari. Vituo vya redio navyo vilitakiwa kuacha kupiga nyimbo za Kiingereza, lugha ya adui. Wanamuziki wa roki wa humo nchini, ambao kwa miaka mingi wanajeshi hao hao walikuwa wakiwatazama kwa jicho la shaka, wakajikuta ghafla wakisikika redioni kutwa kucha, mradi tu waimbe kwa Kihispania.

Katika viunga vya magharibi mwa jiji hilo, hata hivyo, palikuwa na mwanamume mmoja mwenye upara, mzaliwa wa Roma na mwana wa mama Mskoti, aliyeendelea kuimba kwa Kiingereza kana kwamba amri hiyo haikumfikia. Jina lake lilikuwa Luca Prodan, na bendi aliyokuwa ameianzisha mwaka uliotangulia iliitwa Sumo.

Maisha ya bendi hiyo hayakuwa marefu. Ilizaliwa mwaka wa 1981 na ikafa pamoja na mwimbaji wake Desemba 1987. Ilitoa albamu tatu pekee chini ya kampuni kubwa ya kurekodi muziki, na enzi za uhai wake haikupata kuvuma barani kote jinsi walivyovuma Soda Stereo, vijana wa jiji hilo hilo waliokuwa wakishangiliwa kuanzia Santiago hadi Lima. Lakini wapenzi wa muziki nchini Argentina hugawa historia ya roki yao katika sehemu mbili, kabla ya Sumo na baada ya Sumo. Na aliyeleta mgawanyiko huo ni mtu ambaye hakwenda nchini humo kutafuta umaarufu. Alikwenda kuinusuru roho yake.

Luca George Prodan alizaliwa Mei 17, 1953, katika familia iliyokuwa imeonja utajiri na mikasa kwa kiwango kikubwa. Babake, Mario Prodan, alikuwa Mwitaliano mjuzi wa sanaa ya kale ya Uchina na mfanyabiashara wa vitu vya thamani vya nchi hiyo. Mamake, Cecilia Pollock, alikuwa na asili ya Uskoti. Wawili hao waliishi Uchina, na huko ndiko Vita Vikuu vya Pili vilikowakuta na kuwatia mikononi mwa Wajapani, waliowazuilia kambini. Amani iliporejea walihamia Italia wakaanza maisha upya. Luca alikuwa mtoto wa tatu. Kabla yake walizaliwa mabinti wawili, Michela na Claudia, na baada yake akaja kitindamimba, Andrea.

Wazazi wenye uwezo wa aina hiyo hawakuwaza mara mbili kuhusu elimu ya mwana wao wa kwanza wa kiume. Alipelekwa Gordonstoun, shule ya bweni kaskazini mwa Uskoti, ambayo Mwanamfalme Philip na mwanawe, aliyekuja kuwa Mfalme Charles wa Tatu, walipitia. Ilikuwa shule ya kuoga maji baridi, mbio za alfajiri na nidhamu ya kukomaza vijana. Luca aliichukia. Alipokuwa na miaka 17 alitoroka bila kumuaga yeyote, masomo yakiwa karibu kukamilika, akasakwa huku na huko hadi alipopatikana Roma.

Shule hiyo ilimpa mambo mawili ambayo baadaye yangeamua mkondo wa maisha yake. La kwanza ni Kiingereza cha ndani kabisa, pamoja na hadithi za vita vya kale vya Waskoti. La pili ni urafiki na mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Timmy McKern, ambaye familia yake iliishi Argentina.

Miaka ya sabini ilimkuta Luca kati ya Italia na Uingereza. Nchini Italia alikwaruzana na sheria kwa kukwepa utumishi wa jeshi. Jijini London alifanya kazi katika duka la kuuza sahani za santuri, na hapo ndipo alipopata chuo kikuu chake cha kweli. Alisikiliza kila kitu: panki iliyokuwa ikichipuka, rege ya wahamiaji kutoka Jamaica, muziki mzito wa giza uliokuwa ukitoka mjini Manchester. Alijifunza gitaa, akaunda bendi ndogo ambayo haikufika mbali.

Jijini humo pia ndiko alikojifunza kudunga heroini. Dadake Claudia naye alikuwa ametumbukia katika shimo hilo hilo, na miaka hiyo ya sabini ikikaribia ukingoni, alijitoa uhai pamoja na mpenzi wake. Msiba huo ulimvunja Luca. Afya yake ilizorota, ini likaathirika vibaya, na kuna wakati alipoteza fahamu akawa hali mahututi, familia yake ikihofia kumzika mtoto wa pili. Jambo moja lilikuwa dhahiri kwake alipopata nafuu: akisalia London, angekufa.

Wokovu ulikuja kwa njia ya posta. McKern, ambaye tangu walipoachana shuleni alikuwa amerejea kwao akaoa na kupata watoto, alimtumia picha ya familia yake katika milima ya mkoa wa Córdoba, katikati mwa Argentina. Luca aliitazama picha hiyo akaona kila ambacho yeye hakuwa nacho. Tena heroini ilikuwa adimu mno nchini humo. Akafunga virago.

Aliyemlaki hakuwa na hakika kwamba mgeni wake angeishi. Mtu aliyefika alikuwa amekonda, anatetemeka, na mwili wake unadai sumu ambayo haikupatikana popote karibu. Milimani Traslasierra, karibu na kijiji cha Nono, Luca alipitia mateso ya kuachana na heroini huku akioga mtoni, akitembea, na kupiga gitaa mbele ya watoto wa rafikiye. Alifaulu. Lakini pengo lililoachwa na heroini alilijaza kwa ginebra, pombe kali ambayo katika maduka ya vijijini Argentina huuzwa kwa bei ya kutupa, na ambayo ini lake halikuwa tena na nguvu za kuihimili. Wengi wa waliomwandika maisha yake hupenda kuanzia jukwaani na kulipita jambo hili haraka. Ukweli ni kwamba miaka yote ya Sumo iliishiwa ndani ya muda wa ziada.

Nchi aliyoingia haikuwa mahali pa mtu wa tabia zake. Wanajeshi walikuwa wametwaa mamlaka Machi 24, 1976, na tangu hapo watu walikuwa wakinyakuliwa majumbani na mitaani wasionekane tena. Mashirika ya kutetea haki za binadamu hukadiria waliotoweka kuwa 30,000. Kijana kuwa na nywele ndefu au kutembea usiku kulitosha kumfanya alale korokoroni. Pengine ugeni wake ndio uliompa ujasiri. Hakuwa amelelewa ndani ya hofu hiyo, na kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kunong'ona.

Luca alipoamua kuunda bendi, alirudi Ulaya kununua ala na mitambo, na aliporejea aliandamana na mpiga dramu Mwingereza, Stephanie Nuttal. Jambo la msichana kupiga dramu katika bendi ya roki lilikuwa kioja Argentina wakati huo. Shemeji yake McKern, Germán Daffunchio, alishika gitaa, na rafikiye, Alejandro Sokol, akapewa gitaa la besi. Hawa wawili hawakuwa na uzoefu wa kujivunia. Luca hakujali. Alichotaka ni watu wasiokuwa wamezoea kupiga kama wengine.

Makao yao yalikuwa Hurlingham, kiunga cha magharibi chenye historia yake ya pekee. Kilikua kandokando ya reli na klabu ya Waingereza, na jina lake lilitokana na klabu mashuhuri ya London. Ni katika mahali hapo penye harufu ya Uingereza ndipo bendi hiyo ilipoanza kupiga katika vilabu vidogo vidogo, mwanzoni mwa 1982, wiki chache kabla ya risasi ya kwanza kulia Malvinas.

Vita hivyo viliigusa Sumo moja kwa moja. Familia ya Stephanie ilimtaka arejee nyumbani, naye akaondoka. Sokol alihamia kwenye dramu, na besi ikachukuliwa na Diego Arnedo. Kwa Luca, vita vilikuwa kati ya nchi iliyompa uhai mpya na nchi ya asili ya mamake. Miongoni mwa vikosi vya Uingereza vilivyopigana usiku wa mwisho katika mlima Tumbledown kilikuwamo kikosi cha Scots Guards. Mapigano yalikoma Juni 14, siku 74 baada ya kuanza, Waargentina 649 na wanajeshi 255 wa Uingereza wakiwa wamepoteza maisha. Wengi wa hao Waargentina walikuwa vijana wa umri wa wasikilizaji wa Sumo, waliochukuliwa kwa lazima na kupelekwa kwenye baridi kali bila mavazi wala chakula cha kutosha.

Kuimba Kiingereza katika miezi hiyo kungeweza kuonekana kuwa usaliti. Luca hakufanya hivyo ili kuichokoza serikali wala kuishangilia Uingereza, nchi ambayo alikuwa ameikimbia. Kiingereza kilikuwa lugha aliyotungia nyimbo, na Kihispania chake kilikuwa bado cha kubabaisha, chenye lafudhi nzito ya Kiitaliano. Lakini vijana waliobanana katika vilabu hivyo walipata kitu ambacho redio, kwa uzalendo wake wa ghafla, haikuwapa: mtu asiyeelekea kuogopa.

Utawala wa kijeshi haukudumu sana baada ya kushindwa vitani. Raúl Alfonsín aliapishwa kuwa rais Desemba 10, 1983, na Buenos Aires ikaanza kukesha tena. Sumo ilipata maskani katika Café Einstein, ukumbi mdogo wa ghorofani ambao miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Omar Chabán. (Chabán huyo huyo alikuja kuhukumiwa kifungo kwa sababu ya moto uliozuka katika ukumbi wake wa República Cromañón Desemba 30, 2004, na kuua watu 194.) Mwaka huo wa 1983 bendi ilitoa kanda yake ya kwanza, Corpiños en la madrugada, iliyorekodiwa kwa gharama ndogo na kuuzwa mkono kwa mkono katika tamasha.

Kufikia wakati huo bendi ilikuwa imeanza kupata umbo lake la kudumu. Roberto Pettinato, aliyekuwa mhariri wa mwisho wa jarida la muziki la Expreso Imaginario, alijiunga na saksofoni yake. Ricardo Mollo, mpiga gitaa hodari aliyekuwa amepiga pamoja na Arnedo katika bendi iitwayo MAM, naye akaingia. Sokol aliondoka, na dramu zikapigwa na Alberto Troglio, maarufu kama Superman. McKern, yule rafiki wa shuleni, ndiye aliyekuwa meneja.

Mollo na Arnedo walileta ufundi ambao bendi haikuwa nao mwanzoni, na ni haki kusema kwamba bila wao Sumo ingebaki kumbukumbu ya watu wachache wa vilabuni. Luca alikuwa na masikio na mawazo. Hawa walikuwa na vidole. Rege nzito ya kujikokota ilifuatwa na panki ya kasi, kisha fanki, kisha kelele tupu ya saksofoni, na yote hayo katika usiku mmoja. Kwa wasikilizaji waliokuwa wamelelewa kwa roki ya mashairi marefu na magitaa matulivu, huu ulikuwa ulimwengu mwingine.

Albamu ya kwanza chini ya kampuni ya CBS, Divididos por la felicidad, ilitoka mwaka wa 1985. Jina hilo lilikuwa salamu kwa Joy Division, bendi ya Manchester iliyovunjika baada ya mwimbaji wake, Ian Curtis, kujitoa uhai Mei 1980. Ndani yake mlikuwamo La rubia tarada, wimbo wa Kihispania unaowadhihaki vijana wa tabaka la juu waliokuwa wakijishaua katika kumbi za dansi za kifahari. Wimbo huo ulipendwa mno, tena, kwa kinaya cha mambo, hata na baadhi ya hao hao waliodhihakiwa. Mwaka uliofuata ilikuja Llegando los monos, yenye Los viejos vinagres na Estallando desde el océano, nyimbo ambazo zilipenya hadi kwenye redio. Sumo iliyokuwa ikipiga mbele ya watu hamsini ikaanza kujaza uwanja wa Obras Sanitarias, jukwaa kuu la roki jijini humo.

Albamu ya tatu, After Chabón, ya mwaka wa 1987, ndiyo inayoonyesha umbali ambao Luca alikuwa amesafiri. Crua Chan unarejea kwenye vita vya Waskoti vya mwaka wa 1746, somo la Gordonstoun lililogeuzwa kuwa ngurumo ya magitaa. Ndani ya albamu hiyo hiyo mna Mañana en el Abasto, wimbo wa polepole unaotembea asubuhi katika mtaa wa Abasto, mahali palipokuwa na soko kubwa la mboga na matunda la Buenos Aires hadi lilipofungwa mwaka wa 1984. Soko lilikuwa limebaki gofu, na pembeni mwake maisha ya walalahoi yaliendelea. Luca aliishi karibu na hapo kwa muda, na aliyaona mambo kwa jicho la mgeni anayestaajabia kila kitu: nyanya zilizooza, walevi, kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina la Carlos Gardel.

Gardel, gwiji wa tango, alilelewa katika mtaa huo, na kumbukumbu rasmi humtaja kuwa mzaliwa wa Toulouse, Ufaransa. Wenyeji wengi huziweka nyimbo za wawili hao kando kwa kando, na si vigumu kuona kwa nini. Mwitaliano aliyekuwa akikibananga Kihispania miaka michache tu kabla ya hapo alikuwa ameandika mojawapo ya nyimbo za Buenos Aires zinazoaminika zaidi.

Kando na jukwaa, alikuwa akidhoofika. Sumo ilipokuwa haina kazi alipiga na marafiki chini ya jina la Hurlingham Reggae Band, na pia alijirekodi peke yake nyumbani. Sehemu ya kanda hizo zilitolewa katika miaka ya tisini na kuonyesha mtunzi mpole, anayeimba kwa gitaa moja. Hakuwa na mali. Fedha zilipokuja zilitoka mikononi upesi, na aliishi katika chumba cha nyumba kuukuu katika barabara ya Alsina, katikati ya jiji. Chupa ya ginebra haikumtoka mkononi. Mashabiki waliiona kama sehemu ya mchezo, wakamshangilia, na baadhi wakamwiga. Ni vigumu kulisoma jambo hilo leo bila uchungu. Wenzake waliokuwa wakimwona kila siku walijua kwamba hakuwa akiigiza, lakini walikuwa vijana, na kumzuia mtu mkubwa kwa umri na kwa hoja kama Luca kuliwashinda.

Desemba 20, 1987, Sumo ilipiga katika uwanja wa klabu ya kandanda ya Los Andes, eneo la Lomas de Zamora, kusini mwa jiji. Luca alikuwa amekonda na mchovu. Siku mbili baadaye, asubuhi ya Desemba 22, alikutwa amekufa chumbani mwake. Moyo wake ulikuwa umesimama kufuatia kuvuja damu kwa ndani kulikosababishwa na ugonjwa wa ini. Alikuwa na umri wa miaka 34. Krismasi ilikuwa imebakiza siku tatu, na albamu yake ya mwisho, kwa sadfa, ilikuwa na toleo la Sumo la wimbo maarufu wa Usiku Mtakatifu. Alizikwa Avellaneda, ng'ambo ya mto mchafu unaoligawa jiji na viwanda vyake vya kusini.

Wenzake hawakujaribu kutafuta mwimbaji mwingine wa kuliendeleza jina hilo. Mwaka wa 1988 waligawanyika. Mollo na Arnedo waliunda Divididos, jina linalotokana na albamu ile ya 1985. Daffunchio, pamoja na Sokol aliyerejea na Troglio, wakaunda Las Pelotas. Bendi zote mbili zilikuwa kubwa kuliko Sumo ilivyowahi kuwa, zikijaza viwanja kwa miongo kadhaa. Pettinato aligeukia televisheni akawa mtangazaji mashuhuri. Kanda zilizosalia za Sumo zilikusanywa katika albamu ya Fiebre mwaka wa 1989.

Andrea, mdogo wake Luca, mwigizaji na mwanamuziki, alihama Ulaya akaenda kuishi katika mkoa ule ule wa Córdoba. Mwaka wa 2008 mwelekezi Rodrigo Espina, aliyekuwa rafiki wa Luca, alionyesha filamu ya maisha yake aliyoishughulikia kwa miaka mingi. Nyumba ya Alsina nayo iligeuka kituo cha kuhiji kwa vijana, wengi wao waliozaliwa baada ya 1987, wanaokwenda kuandika ukutani kwamba Luca hajafa.

Aprili 2007, katika tamasha la Quilmes Rock lililofanyika uwanja wa River Plate, Divididos na Las Pelotas walipangwa usiku mmoja. Kabla ya usiku huo kwisha, waliokuwa Sumo walipanda jukwaani pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka ishirini, wakapiga nyimbo chache za zamani mbele ya maelfu ya watu. Sokol, aliyekuwepo tangu vile vilabu vidogo vya magharibi, alifariki Januari 2009.